Bei ya Zinki Kifuani

Usiku wa kwanza kikohozi cha Delmira kilibweka.
Kikavu, cha juu, cha koo tu,
kama mbwa mdogo aliyefungiwa nje kwenye baridi ya Potosi.
Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikasikiliza
kabla hata ya kuwasha jiko.
Kikohozi husikilizwa kwanza, ndipo kitibiwe.
Nikafunua blanketi, nikatazama mbavu:
je, ngozi yabonyea katikati yake avutapo pumzi?
Haibonyei.
Nikamgusa paji la uso: vuguvugu, si moto.
Basi mwanangu, nikasema, hiki ni cha kwetu,
tutakimaliza humu humu ndani.

Majani ya mkaratusi nilinunua kwa Doña Casta
anayeyaleta kutoka mabondeni;
huku juu hata mti huchoka kupanda.
Maji ya pipa yalikuwa yameganda.
Nikaivunja barafu kwa nyundo ya Anselmo,
nikachemsha, nikaiweka sufuria mbali na magoti ya mtoto,
maana jirani yetu alimfukiza mwanawe kwa pupa:
kikohozi kilipona, kovu likabaki.
Chumba kikanuka msitu. Dirisha likatoa jasho.
Kisha asali, kijiko kimoja, polepole
(ana miaka saba; mchanga asiyetimiza mwaka hapewi, hata alie vipi),
kisha mafuta ya lama kifuani,
na juu ya mafuta ukurasa wa gazeti uliopashwa moto,
kama mama alivyonifanyia mimi.

Asubuhi nilipoubandua
bei ya zinki ilikuwa imejichapa kwenye ngozi yake,
kinyumenyume.
Delmira akaisoma kwa kioo, akacheka, akakohoa,
na safari hii kilikuwa kimelainika, kina kitu cha kutoa.
Kikohozi kikilainika kinafunga virago.

Usiku wa tatu ningelala.
Lakini nyuma ya pipa, uani,
Anselmo alikuwa anakoholea ndani ya kofia yake ngumu ya mgodini.

Nacho nimekisikiliza, mwaka wa pili huu.
Hakibweki. Hakilainiki.
Kinakwaruza, kama sepetu lililotafuta udongo likakuta mwamba.
Huanza saa tisa, anapogeukia ubavu,
naye hunyata, viatu mkononi,
asituamshe.
Mapenzi ni kikohozi, ati, hayafichiki.
Mume wangu huficha vyote viwili
na vyote viwili navisikia.

Nimemfukiza. Nimempa asali, na maji ya kitunguu,
na gazeti kurasa mbili, kifua chake ni kipana.
Bei ikapanda juu ya mbavu zake, ikashuka, ikapanda tena.
Kifua kikabaki vilevile.
Vumbi la jiwe haliyeyuki kwa asali.
Nililijua hilo. Niliendelea kuchemsha maji
kwa sababu sufuria ilinipa cha kufanya na mikono.

Jana Delmira aliamka akidai mkate, nikajua amepona.
Kabla sijageuka alikuwa ameichukua chupa,
ametoka uani na soksi tupu,
amemkuta baba yake uso umo ndani ya kofia.
Cha kwako bado, akamwambia. Fungua.
Na mtu huyu anayelala usingizi jirani na baruti
akafungua kinywa kama kifaranga.

Alipomeza alinitazama, nimesimama mlangoni,
na kwa mara ya kwanza hakuigeuza kofia.
Ndani yake, uzi mwembamba, mwekundu.
Sikupiga kelele. Nilienda kutafuta koti lake.

Leo hakuvaa buti.
Tuko kwenye foleni ya hospitali, namba arobaini na moja,
na wanaume tisa ninaowajua kwa mgongo.
Gazeti la leo limo mfukoni mwake, halijakunjuliwa.
Sikuuliza bei.
Anakohoa, kichwa kimeinuka,
na hakuna anayegeuka kutazama.